Taa Nyekundu ya Kitalu cha Nne

Mheshimiwa Mkurugenzi wa mradi wetu wa umwagiliaji, ambaye leo ndiye mgeni rasmi. Mwenyekiti wa chama cha wakulima pamoja na kamati yako. Ndugu zetu wafadhili, mliotuletea vipima unyevu na mkasafiri siku mbili kuja kuviona vikifanya kazi. Wafanyakazi wenzangu wa mfereji na wa nyumba ya pampu. Wakulima, mabibi na mabwana. Na wewe mume wangu, uliyeketi safu ya pili ukinitazama kama mtu aliyeweka maziwa jikoni na sasa anaona yanapanda. Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima ya kiti chake.

Nimepewa dakika kumi za kuaga. Nimepewa na hotuba pia, kurasa mbili, imechapwa kwa herufi kubwa ili macho yangu yasihangaike, na kwa hilo naishukuru ofisi. Niliisoma jana nikipiga pasi gauni hili. Inasema nastaafu kwa furaha. Inasema mtambo mpya umefanya kazi katika vitalu vyote bila dosari, isipokuwa kitalu cha nne, ambako wakulima waliuharibu kwa makusudi. Ni hotuba iliyoandikwa vizuri kabisa. Kasoro yake ni kwamba si kweli, kwa hiyo nimeiacha nyumbani juu ya meza ya kupigia pasi.

Mheshimiwa, usiangalie saa. Nitakusifu, zamu yako itafika.

Hapo mbele yenu pana meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake pana taarifa ya makabidhiano, na juu ya taarifa pana kalamu mpya. Imepangwa kwamba nikimaliza kusema niende pale, nipigwe picha nikitia saini, kisha nipewe cheti. Sasa wengi wenu hamjaisoma taarifa hiyo. Ukurasa wa sita unasema kwamba, kutokana na uharibifu huo wa makusudi, kitalu cha nne kitaondolewa kwenye zamu ya maji kuanzia Jumatatu hadi uchunguzi utakapokamilika. Kitalu cha nne ni mashamba thelathini na nane, yote ya mwisho wa mfereji. Mahindi kule yametoa mbelewele, vitunguu vinaanza kujaza. Mkulima yeyote humu anajua maana ya kukata maji wakati huo. Uchunguzi utakapokamilika kutakuwa na nini cha kuokoa?

Sitii saini. Nalisema mapema ili msikae mkijiuliza nitafika wapi. Dakika zilizobaki ni za kueleza kwa nini.

Kwa wageni wasionijua, mimi ndiye msimamizi wa zamu za maji. Kwa miaka ishirini na saba nimeamua ni kitalu gani kifunguliwe leo na kipi kisubiri kesho. Vifaa vyangu vilikuwa baiskeli, fimbo ya chuma ya kutobolea udongo, na kidole hiki cha shahada. Natoboa, nachomeka kidole, nasikia. Ndiyo maana wakulima wananiita Kidole, na wapo watoto wa shule hapa ambao hawajui kama nina jina lingine. Nimetukanwa kwa kidole hiki. Nimeitwa mchawi, nimeitwa mpendeleaji, na mara moja mkulima wa kitalu cha pili alinifungulia mbwa, halafu mbwa akanifuata nyuma nyuma mpaka nyumba ya pampu na akakataa kurudi kwao. Mkulima yupo hapa, anacheka. Mwambieni ile kesi bado naikumbuka.

Yamesemwa maneno kwamba Kidole anauchukia mtambo mpya kwa sababu unamnyang'anya kazi. Nataka niyamalize leo. Aliyeandika barua ya kwanza ya kuomba vifaa hivi ni nani? Ni mimi. Mashamba mia mbili na kumi na mawili, mtu mmoja, magoti mawili, na moja kati ya hayo magoti lilishaniaga kabla yenu. Siku niko kitalu cha kwanza, nani anajua kitalu cha tatu kinasemaje? Nilikuwa nakisia. Nakiri mbele yenu, kuna siku nimegawa maji kwa kukisia, na kuna watu walivuna kidogo kwa sababu nilikisia vibaya. Vifaa vilipofika nilifurahi kama nimeletewa mtoto wa kaka.

Na vililetwa na mtu anayevijua. Fundi wetu, binti yule pale karibu na mlango, tunamwita Betri kwa sababu hujawahi kumkuta bila betri mfukoni. Betri alinikalisha chini kwenye kochi la ofisi ambalo springi yake inachoma, akanieleza mpaka nikaelewa. Ndani ya udongo zimefukiwa sindano mbili za chuma, moja kwenye kina cha sentimita ishirini, nyingine sentimita arobaini. Juu pana mlingoti, kisanduku, na kioo kidogo kinachokula jua. Waya wa kwenda ofisini hakuna. Kila nusu saa kifaa kinatuma habari hewani kama redio, hadi kwenye mnara mdogo juu ya paa la nyumba ya pampu, na ofisini inatokea kwenye skrini: kijani ni udongo uliolowa, njano ni wa wastani, nyekundu ni mkavu. Kitalu kikiwa kijani mtambo unakiruka, kikiwa nyekundu mtambo unafungua lango wenyewe. Nilimwambia, binti yangu, hiki ni kidole kisicholala. Akacheka mpaka akaangusha betri.

Sasa sikilizeni kosa lilipotokea, maana ukurasa wa sita haulisemi.

Kwenye kile kisanduku pana taa ndogo. Udongo ukilowa inawaka kijani, ukikauka inawaka nyekundu. Siku ya kukabidhi vifaa katika kitalu cha nne mimi ndiye niliyesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa nikasema na wakulima. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na njaa, na nilitaka wasiving'oe. Nikawaambia hivi: jamani, hiki ni mgeni wetu. Mtunzeni kama mgeni wa nyumbani kwenu. Mkiona taa nyekundu mjue udongo umeshikwa na kiu. Nikapigiwa makofi, nikapanda baiskeli, nikaondoka.

Mnaona nilichosahau? Sikusema: mkiona nyekundu, kiacheni hivyo hivyo, hiyo ndiyo kazi yake. Sikusema kwamba wekundu ule ndio unaoleta maji. Niliwaambia watu waungwana kwamba mgeni ana kiu, halafu nikaenda zangu kula.

Wakafanya nini? Walichofanya ni kile ambacho kila mmoja wenu angefanya mgeni akisema ana kiu sebuleni kwake. Walimpa maji.

Katika vitalu vya juu jambo hili halikuonekana, kwa sababu mfereji unapita karibu na taa haikupata nafasi ya kuwa nyekundu. Kule mwisho iliwaka siku ya tano. Mama mmoja mkulima wa vitunguu, mtu ambaye hata kuku wa jirani hamfukuzi bila kumwomba radhi, akaiona, akakimbia na ndoo hadi kwenye mtaro wa maji machafu, akammiminia mgeni lita ishirini. Taa ikageuka kijani. Akafurahi, akawaambia wenzake. Vifaa tisa, kitalu kizima, wakapangiana zamu ya kumnywesha mgeni kila siku saa nne asubuhi, kwa uaminifu ambao sijawahi kuuona kwenye zamu ya kusafisha mfereji. Walimpalilia. Walimfagilia. Mmoja alimjengea kivuli cha magunia, Betri akaja kukiondoa kwa kubembeleza kwa sababu kioo kilikosa jua.

Na mtambo ukasoma kijani. Kitalu cha nne kimelowa, ruka. Wiki iliyofuata kijani, ruka. Wiki ya tatu, ruka.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, analima kule, na namtaja mwenyewe kabla hamjamtaja ninyi. Alikuja ofisini akiwa na jani la muhindi lililojikunja kama sigara. Karani akamgeuzia skrini.

Akamwambia, "Mzee, kompyuta inaonyesha shamba lako limelowa."

Shemeji akasema, "Basi mwambie kompyuta aje avune."

Mkacheka, nyote mliokuwa ofisini siku ile, na mimi nilicheka. Kisha shemeji akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe, shemeji, umeamini skrini?" Nilikuwa nimeiamini. Kwa wiki tatu sikuwa nimepanda baiskeli, nilikuwa nakunywa chai nikitazama rangi ya kijani, goti likipumzika, na nilikuwa naona raha.

Asubuhi yake nilikwenda. Pembeni ya mlingoti udongo ulikuwa tope, unaweza kufinyanga chungu. Nikapiga hatua mbili kuelekea kwenye vitunguu, nikatoboa, nikachomeka kidole. Unga. Unga mtupu mpaka kwenye kifundo. Nikasogea hatua kumi, unga. Yule mama akatokea na ndoo yake kichwani, saa nne kamili kama mwajiriwa, akanisalimu kwa adabu zote, akamimina.

Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini?"

Akasema, "Si ulisema ni mgeni? Hatujamkosea hata siku moja, dada."

Wenzangu, nimetukanwa miaka ishirini na saba na sijalia. Pale nililia. Vitunguu vyake mwenyewe vilikuwa vimelala chini kwa kiu, majani yamekuwa rangi ya majivu, na ndoo moja aliyoweza kuibeba kwa siku, kwa mgongo ule, alikuwa anampa mgeni wangu. Hakuchota hata kikombe kwa ajili ya tuta lake. Huyo ndiye mharibifu wa makusudi wa ukurasa wa sita.

Nilirudi kwa Betri. Akafungua kumbukumbu za kitalu cha nne, akanionyesha mistari miwili. Mstari wa sindano ya juu ulikuwa unapanda kila siku saa nne, unashuka, unapanda tena kesho yake saa nne. Mstari wa sindano ya chini ulikuwa unateremka tu, siku hadi siku, bila kupanda hata mara moja, kwa sababu ndoo ya lita ishirini haifiki sentimita arobaini. Kwa hiyo, ndugu zetu wafadhili, nawaomba mnisikilize hapa. Vifaa vyenu havikudanganya. Vilipiga kelele wiki tatu kwamba kitalu kinakauka kutoka chini, lakini mtambo ulipangwa ofisini usome sindano ya juu peke yake, na mtu aliyelipwa kutilia shaka alikuwa anakunywa chai. Vifaa ni vizuri. Ningepewa nafasi ningeomba vingine mia.

Betri aliyaandika yote hayo, kurasa tatu na michoro yake. Aliandika na dawa: tusome sindano zote mbili, vifaa vihamishwe kutoka ukingoni viingie katikati ya mimea, ile taa izibwe, na wakulima waelezwe upya na mtu asiye na njaa. Kurasa tatu ziliingia ofisini kwa Mkurugenzi. Katika taarifa iliyoko mezani hazimo.

Ndipo nilipokwenda kukuona, Mheshimiwa, na sasa ndiyo zamu yako ya kusifiwa. Nakusifu kwa kuwa ndiye kiongozi pekee niliyemjua anayeweza kuendesha mradi wa maji miaka minne bila kuchafua viatu. Nakusifu kwa kunikaribisha kiti na kunifungulia chupa ya maji kwa mkono wako. Na nakusifu kwa ukweli wako siku ile, maana hukunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ulinieleza wazi.

Ulisema, "Mama, siwezi kuwaambia wafadhili kwamba mtambo wao umeshindwa na ndoo."

Nikasema, "Mtambo haukushindwa."

Ukaniuliza, "Sasa nani aliyeshindwa?"

Nikasema, "Mimi. Na aliyeupanga usome sindano moja. Tuandike hivyo."

Ukatabasamu. Ukasema hilo haliwezekani, mama unaagwa kwa heshima, jina lako halitatiwa doa, wakulima wale wako mbali na hawasomi taarifa. Nadhani ulikusudia kunitendea wema. Nilitembea nao ule wema mpaka nyumbani na kila hatua ulinichoma zaidi. Heshima gani hiyo ambayo mimi nakosea, halafu watu thelathini na wanane wananyauka badala yangu? Nikiupokea ule wema, nitapita njia gani kwenda kumsalimu mama wa vitunguu? Na nikimkuta, nimwambie nini, kwamba nilipewa cheti?

Hapana. Doa ni langu, nipeni. Andikeni kwenye ukurasa huo wa sita: msimamizi wa zamu alitoa maelezo nusu, kisha akaacha kwenda shambani. Andikeni kwa herufi kubwa kama zile za hotuba yangu. Nikiona maneno hayo, na kurasa tatu za Betri zikiwa nyuma yake, nitatia saini mara moja na nitatabasamu kwenye picha.

Na nimesikia minong'ono kuhusu Betri pia. Kwamba mkataba wake unaisha mwezi ujao, kwamba fundi anayeandika sana hafai. Binti yangu, simama kidogo wakuone. Asante, kaa. Ndugu Mwenyekiti, huyu ndiye mtu pekee katika mradi huu aliyeangalia mstari wa chini. Mkimwacha aondoke mtabaki na vifaa vya kutosha na hamtakuwa na mtu wa kuvisikiliza. Nitakuwa nimestaafu, nitakuwa na muda mwingi, na nyumba yangu iko hatua mia moja tu kutoka ofisini kwenu. Mjue hivyo.

Namalizia, maana naona mume wangu ameanza kufuta miwani, na akifuta miwani huwa nimevuka mpaka.

Mwenyekiti, umeniuliza mara mbili tangu asubuhi kwa nini viti vya nyuma vimebaki vitupu. Ni viti thelathini na vinane. Umesema wakulima wa kitalu cha nne wamekosa adabu kususia kuagwa kwangu, na ukaniambia nisihuzunike. Sihuzuniki. Mimi ndiye niliyewakataza kuja.

Barua yangu ya kustaafu, yenye saini yako Mheshimiwa, inasema nitakuwa msimamizi wa zamu za maji hadi leo saa kumi alasiri. Kanuni za mradi, kifungu ambacho nakijua kwa kichwa kwa sababu nilikuwepo kilipoandikwa, na ambacho nilichelewa kukitumia nikingoja ofisi ikubali, zinasema msimamizi akithibitisha kwa mkono wake kwamba kitalu kimekauka, atafungua lango bila kusubiri mtu. Leo saa tano asubuhi, kabla sijavaa gauni hili, nilikwenda kwenye lango la nne. Nilithibitisha. Nikazungusha lile gurudumu la mkono mara arobaini na mbili, na goti langu bado linanilaani.

Maji hutumia saa tatu kutoka langoni hadi shamba la mwisho. Hivi sasa ni saa nane na robo. Wenye viti vile hawana nafasi ya kuja kupiga makofi, wako shambani na majembe wanafungua matuta. Kuanzia saa kumi sina amri yoyote, na anayetaka kulifunga lango halitamshinda, gurudumu ni jepesi kwa mtu mwenye magoti mazima. Ila itambidi avue viatu, apite katikati yao, wakiwa wamesimama majini, na awaambie mwenyewe kwa nini.

Nawashukuru kwa miaka ishirini na saba, na kwa kunivumilia hadi neno hili. Asanteni.